Mtumishi wa Farasi: Mwayalandi Ndani ya Sare ya Malkia

Tarehe 25 Oktoba 1854, kwenye bonde moja karibu na Balaclava katika rasi ya Crimea, askari wapanda farasi takriban 670 wa Uingereza waliamriwa waende moja kwa moja kwenye mizinga ya Warusi. Wakaenda. Kisa hicho kimeandikwa na kuchorwa mpaka kikachosha. Kinachosimuliwa kwa nadra ni kwamba zaidi ya 100 kati yao walikuwa wazaliwa wa Ayalandi. Na aliyekuwa mkuu wa divisheni nzima ya wapanda farasi siku ile, Lord Lucan, alikuwa kabaila wa Mayo, magharibi mwa Ayalandi, ambaye miaka michache kabla ya hapo alikuwa akibomoa nyumba za wapangaji wake katikati ya Njaa Kuu. Katika parokia moja tu, Ballinrobe, kati ya 1846 na 1849, alivunja nyumba zaidi ya 300 na kuwatimua watu wapatao 2,000. Wenyeji walimwita Mwangamizi.

Kwa hiyo jaribu kumfikiria kijana wa Mayo aliyeketi kwenye tandiko asubuhi ile, kitara kiunoni, akimtazama mkuu wake kwa mbali.

Swali linajileta lenyewe: alikuwa anatafuta nini pale? Sisi ambao tuna mababu waliovaa kaptula ya Keya, jeshi la kikoloni la Mwingereza Afrika Mashariki, hatuna haki ya kulishangaa sana swali hilo. Lakini majibu mawili yanayotolewa haraka, kwamba alikuwa msaliti wa taifa lake au kwamba alikuwa shujaa mtiifu wa dola, yote mawili yananiudhi. Ukikaa na nyaraka za askari hawa, hasa zile hati za kuachishwa jeshi zilizohifadhiwa kwenye nyaraka za taifa huko Kew, London, na ambazo nyingi sasa zinasomeka mtandaoni, unakutana na mtu wa aina nyingine kabisa. Unakutana na kibarua. Kwenye nafasi ya kazi yake ya awali wameandika hivyo mara kwa mara, kibarua, na mahali pa sahihi mara nyingi pana alama ya msalaba tu. Na kwa sehemu kubwa ya maisha yake jeshini mtu huyu hakuwa vitani. Alikuwa bandani, ameshika brashi.

Tuanze na namna alivyoingia. Mwaka 1830 Waayalandi walikuwa zaidi ya asilimia 40 ya askari wa kawaida wa jeshi la Uingereza, ingawa watu wa kisiwa chao walikuwa theluthi moja tu ya ufalme wote. Vita havikuwa damuni mwao kuliko wengine, ingawa maofisa wa zamani walipenda kusema hivyo. Kazi haikuwepo. Shamba lilikodishwa, likagawanywa kwa watoto, likagawanywa tena kwa wajukuu, mpaka kikabaki kipande cha kuotesha viazi tu. Kisha kuanzia 1845 viazi vikaozea ardhini, watu karibu milioni moja wakafa na wengine zaidi ya milioni moja wakapanda meli. Njaa mwana malegeza, na sajini wa kuandikisha makuruta alilijua hilo. Alisimama gulioni na utepe wa rangi kofiani, akanunua pombe, akasifia sare, kisha akamtia kijana shilingi moja mkononi. Ukiipokea umejifunga. Sheria ilikupa siku moja hivi ya kutafakari kabla ya kuapishwa mbele ya hakimu, lakini ukitaka kujitoa ulipe shilingi 20. Aliyejiunga kwa sababu hana hata senti angezipata wapi?

Mpaka 1847 kuandikishwa kulikuwa na maana ya maisha yako yote ya nguvu. Mwaka huo sheria mpya iliweka miaka 10 kwa askari wa miguu na 12 kwa wapanda farasi, na ukipenda unaongeza mpaka 21 kwa wa miguu na 24 kwa wa farasi. Kwa nini mpanda farasi afungwe muda mrefu zaidi? Kwa sababu ilichukua muda mrefu zaidi kumfundisha, na kwa sababu mtu aliyezoeana na farasi alikuwa mali.

Hapa ndipo maisha yenyewe yalipo, na ndipo ninapopenda kukaa.

Tarumbeta lililia alfajiri. Kabla askari hajatia kitu mdomoni, aliteremka bandani. Alitoa majani ya matandiko yaliyolowa mkojo, akayaanika yaliyofaa, akazoa mavi, akamnywesha na kumlisha farasi. Kisha kumsugua: brashi, halafu kishikio cha nyasi kavu kilichosokotwa, mgongo, mbavu, miguu, puani, chini ya mkia, mpaka ngozi ing'ae na afande akipitisha kidole asipate vumbi. Kila kwato ilinyanyuliwa ikachokolewa. Akimaliza ndipo akapate kifungua kinywa. Mchana bandani tena. Jioni bandani tena. Katikati ya hapo kulikuwa na shule ya upandaji, ambako kuruta alizungushwa bila vikanyagio mpaka mapaja yachubuke, mazoezi ya upanga, lindo, na kung'arisha ngozi na chuma ambako hakukuwa na mwisho. Hatamu, lijamu, ala ya upanga, vifungo. Ile ala ya chuma iliyong'arishwa hivyo, kwa njia, ndiyo iliyokuwa ikiufanya upanga kuwa butu kila ulipochomolewa na kurudishwa. Ilipendeza kwenye gwaride, na hilo lilitosha.

Posho inaeleza mengi kuliko hotuba. Farasi alitengewa kwa siku ratili 10 za oti, ratili 12 za nyasi kavu na ratili 8 za majani ya kulalia. Askari alitengewa ratili moja ya mkate na robo tatu ya ratili ya nyama, ikipimwa pamoja na mifupa. Nyama ilichemshwa. Kesho yake ikachemshwa tena. Majiko ya kambi kwa miaka mingi yalikuwa masufuria makubwa ya kuchemshia tu, kwa hiyo mtu angeweza kutumikia miaka akisikia harufu ya nyama choma kwa maofisa peke yake. Na mpaka miaka ya 1840 milo rasmi ilikuwa miwili, asubuhi na adhuhuri. Baada ya hapo tumbo lilisubiri mpaka kesho yake, na kantini ilikuwa wazi kuuza pombe. Halafu wakubwa wakawa wanaandika ripoti za kushangaa kwa nini Mwayalandi analewa.

Hata hivyo kwa kijana aliyeona jirani zake wakifa wakiwa na midomo ya kijani kwa kula majani, nyama kila siku, hata ya mifupa, haikuwa jambo dogo. Nafikiri tunaoandika leo tumeshiba mno kuupima vizuri uzito wa hiyo robo tatu ya ratili.

Mshahara wa askari wa miguu ulikuwa shilingi moja kwa siku. Wa farasi alizidishiwa peni kadhaa. Kutoka humo walikata chakula, walikata ufuaji, walikata vifaa vilivyopotea au kuharibika. Alichobakiwa nacho kilienda kantini. Cheo cha ofisa wakati huo kilinunuliwa, na bei rasmi ya cheo cha chini kabisa cha ofisa katika rejimenti ya kawaida ya farasi ilikuwa pauni 840. Nimeipiga hesabu hiyo: ni shilingi 16,800. Mtu angeweka akiba shilingi nzima kila siku, bila kula wala kunywa, angeipata baada ya miaka 46. Mpango huo wa kununua vyeo uliondolewa 1871 tu. Ndiyo sababu mtu kama Lucan aliweza kuongoza maelfu huku sajini mwenye miaka 20 ya kazi akimshikia hatamu.

Adhabu? Viboko. Mwaka 1846 askari wa 7th Hussars, rejimenti ya wapanda farasi, aitwaye Frederick John White alichapwa mijeledi 150 kambini Hounslow, magharibi mwa London, na majuma machache baadaye akafa. Kelele zilizotokea zilifanya idadi ya juu ishushwe hadi 50. Aliyetoroka jeshi na kukamatwa alichorwa herufi D kwenye ngozi kwa sindano na wino, na alama hiyo haikufutwa kwenye sheria mpaka 1871. Viboko vyenyewe viliondoka kabisa 1881. Kwenye zile hati za Kew, sehemu ya alama za mwilini inajazwa kwa ukavu wa kutisha: kovu la shavuni, kidole kilichokatika, alama za viboko mgongoni. Urefu, rangi ya macho, mgongo. Kama vile wanavyomwandika farasi, kusema kweli, maana farasi naye alikuwa na namba, umri, rangi na alama zake kwenye daftari la rejimenti.

Kuna jambo lililonishangaza kwenye haya yote. Tume iliyochunguza afya ya jeshi baada ya vita vya Crimea, ikatoa ripoti 1858, ilikuta kwamba vijana waliochaguliwa kwa uzima wao walikuwa wakifa kambini nyumbani kwa kiwango kikubwa kuliko raia wa rika lao. Vyumba vilivyosongamana, hewa nzito, pipa la mkojo katikati ya chumba usiku kucha. Lakini wapanda farasi walikufa kidogo kuliko wenzao wa miguu. Kuzoa mavi alfajiri, kusugua, kubeba maji, kulikuwa na faida ambayo hakuna mtu aliyeikusudia.

Kuhusu kuoa, ni wachache mno walioruhusiwa, kama sita katika kila mia, na hao wake zao waliandikwa kwenye orodha ya rejimenti. Mke wa orodhani alilala na mumewe katika chumba kilekile cha wanaume, nyuma ya blanketi lililotundikwa kwenye kamba, akajifungulia humo pia. Rejimenti ikiamriwa kwenda ng'ambo, hata hao wachache walipiga kura: karatasi ndani ya kofia, nyingine zimeandikwa kwenda, nyingine kutokwenda. Aliyetoa ya kutokwenda alibaki gatini na watoto wake, na pengine asimwone mumewe kwa miaka kumi. Na wale ambao hawakuwahi kuingia orodhani kabisa? Kwenye uwanda wa Curragh, Kildare, ambako kambi kubwa ilijengwa 1855, kulikuwa na wanawake walioishi ndani ya vichaka vya miiba nje ya kambi, mvua na baridi, wakiitwa kwa jina la ndege mdogo ajengaye vichakani. Wengine walimfuata mwanamume mmoja aliyewaahidi ndoa. Mwaka 1867 gazeti moja la London lilimtuma mwandishi akawaona, na wasomaji wakastaajabu kwa wiki kadhaa.

Na vita? Vilikuwepo, bila shaka, lakini navyo vilikuwa na sura ya banda. Kabla ya Balaclava, kiangazi cha 1854, jeshi lilikaa Varna, Bulgaria, na kipindupindu kikaua watu ambao hawakuwa wamemwona Mrusi. Lord Cardigan, shemeji yake Lucan ambaye hawakusalimiana vizuri, aliwapeleka wapanda farasi kwenye doria ndefu Dobrudja, wakarudi na migongo ya farasi imechunika na wengi wamekufa. Siku yenyewe ya Balaclava, wakati wakisubiri, Kanali Shewell wa 8th Hussars aliwaona askari wake wanavuta kiko akawaka hasira: aibu gani hii, kuvuta mbele ya adui! Dakika chache baadaye wote walikuwa wanaingia bondeni, kwa hatua, kisha mwendo wa kasi kidogo, kisha mbio. Yote yalikwisha kwa muda mfupi usiofika nusu saa. Watu karibu 110 waliuawa, na farasi zaidi ya 300.

Tukio la asubuhi hiyohiyo ambalo watu hulisahau ni shambulio la Brigedi Nzito, nusu ya pili ya divisheni ya Lucan. Inniskilling, rejimenti yenye jina la mji wa kaskazini mwa Ayalandi, pamoja na Scots Greys, walipanda kilima wakiwa kama 300 dhidi ya umati wa wapanda farasi wa Kirusi uliowazidi mara nyingi, kisha 4th Royal Irish wakaupiga ubavuni, na Warusi wakarudi nyuma. Walikufa wachache mno pande zote, kwa sababu panga butu zilidunda kwenye makoti mazito ya Warusi. Ushindi huo haukupata umaarufu wa ule upuuzi uliofuata. (Jina la Kiayalandi kwenye rejimenti, nitaje tu, halikumaanisha askari wote walitoka huko, Waingereza walijaa humo, na Waayalandi walitapakaa kwenye rejimenti zenye majina ya Kiingereza.)

Halafu likaja baridi. Lishe ilikuwepo bandarini, maili chache tu, lakini usafiri wa kuipandisha haukuwepo. Farasi walionusurika mizinga walisimama kwenye matope bila banda wakatafunana mikia na manyoya ya shingo. Askari aliyefundishwa miaka kwamba farasi hula kwanza alisimama pale na brashi yake, hana cha kumpa. Sijasoma jambo lolote kuhusu vita hivyo linaloeleza uzembe wa wakubwa kuliko hilo.

Baada ya Crimea 8th King's Royal Irish Hussars walipelekwa India. Tarehe 17 Juni 1858, karibu na Gwalior, walishambulia kambi ya waasi wa Kihindi, na katika pambano hilo Lakshmibai, malkia wa Jhansi aliyenyang'anywa dola yake na Kampuni ya India Mashariki, akauawa. Wenzao walipiga kura kuchagua nani wapewe Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa, na mmojawapo alikuwa Sajini Joseph Ward, mzaliwa wa Kinsale, Cork. Hapa sina maneno ya kulainisha. Mtu wa nchi iliyotwaliwa alisaidia kuitwaa nchi nyingine. Aliyebomolewa nyumba anaweza kutumwa kubomoa ya mwingine, na akaifanya kazi vizuri, na akapewa nishani. Hata nyumbani kwao wapanda farasi walitumwa kusindikiza mikokoteni ya nafaka kwenda bandarini wakati wa njaa, na kusimama kando ya maofisa wa kufukuza wapangaji. Amri ilitoka, tandiko likafungwa.

Lakini dola yenyewe haikuwahi kuwa na uhakika nao. Mwaka 1799, baada ya uasi wa mwaka uliotangulia, 5th Royal Irish Dragoons walivunjwa kabisa kwa kushukiwa kwamba waasi walikuwa wamejipenyeza safuni. Hawakuundwa tena mpaka 1858. Na hofu hiyo haikuwa ya bure. John Boyle O'Reilly, mzaliwa wa Dowth, Meath, aliyekuwa amejifunza kazi ya gazeti, alijiunga na 10th Hussars mwaka 1863 akiwa na miaka 19. Alikuwa askari mzuri, anayependa farasi na sare yake, na wakati huohuo alikuwa akiwaapisha wenzake kwa siri kwenye chama cha Wafenia kilichotaka jamhuri ya Ayalandi. Alikamatwa Dublin mwanzoni mwa 1866. Hukumu ilikuwa kifo, ikapunguzwa kuwa kifungo cha miaka 20, na mwishowe akapakiwa kwenye Hougoumont, meli ya mwisho ya wafungwa kwenda Australia Magharibi. Alifika Januari 1868. Mwaka uliofuata alitoroka kwa meli ya Kimarekani ya kuvua nyangumi, akawa mhariri wa gazeti la The Pilot huko Boston, mtu mashuhuri.

Wenzake askari walibaki, maana serikali iliwasamehe Wafenia wengi wa kiraia mapema ila wale waliovaa sare iliwashikilia. Mmoja wao, James Wilson wa 5th Dragoon Guards, aliandika barua kwenda Marekani mwaka 1874 akiomba wasisahauliwe. Waayalandi wa Marekani wakachanga fedha, wakanunua meli iitwayo Catalpa, na mwezi Aprili 1876 wafungwa sita wakachomolewa Fremantle, Australia Magharibi. Wawili kati ya sita hao, Wilson na Martin Hogan, walikuwa wapanda farasi wa rejimenti moja.

Swali la utii, basi, halikuwa na jibu moja ndani ya chumba kimoja cha kambi. Huyu anaapa kwa Wafenia, yule wa kitanda cha pili atakuja kuhatarisha maisha yake kwa ajili ya ofisa wake. John Doogan wa Aughrim, Galway, alikuwa mtumishi wa Meja Brownlow katika 1st King's Dragoon Guards. Huko Laing's Nek, Natal, Afrika Kusini, Januari 1881, farasi wa meja alipigwa risasi katikati ya Makaburu. Doogan, mwenyewe amejeruhiwa vibaya, alipanda mpaka pale, akashuka, akamsihi bwana wake amchukue farasi wake. Akapigwa risasi ya pili akiwa anasisitiza. Miaka 17 baadaye, Omdurman, Sudan, Thomas Byrne wa Dublin akiwa na 21st Lancers aligeuza farasi katikati ya shambulio kumrudia ofisa aliyeanguka. Wote wawili walipata Msalaba wa Victoria na wote wakaishi mpaka uzee. Sidhani Doogan alimfikiria Malkia dakika ile. Mtu aliyezoea miaka kumfungia mwenziwe tandiko alimwona hana farasi, akampa wake.

Kufikia mwisho wa karne Waayalandi walikuwa wamepungua mpaka kama mmoja katika kila askari wanane. Waliobaki nyumbani walikuwa wachache, na waliotaka kuondoka walikuwa na ndugu Boston au New York wa kuwatumia tiketi. Shilingi ya sajini ilipata mshindani.

Na wale wazee? Aliyemaliza miaka yake alipimwa na daktari, akaandikiwa tabia yake kwa neno moja au mawili, akapewa pensheni ya peni chache kwa siku, kama alistahili. Ujuzi wake ulikuwa mmoja, farasi, kwa hiyo aliyebahatika alipata kazi ya kutunza farasi wa tajiri au kuendesha gari la kukokotwa mjini. Mwaka 1890 ilifichuka kwamba manusura wa shambulio la Balaclava walikuwa wakiishi kwa dhiki, baadhi kwenye nyumba za maskini. Uchangishaji ukaanzishwa, Florence Nightingale, muuguzi maarufu wa vita vya Crimea, akarekodiwa sauti kwenye mtambo mpya wa Edison kuwaombea, na mpiga tarumbeta mmoja mzee naye akarekodiwa akipuliza wito wa kushambulia. Mfuko huo ulikuwa wa Brigedi Nyepesi, wale 670 wa bondeni, iliyokuwa imeandikiwa shairi na mshairi mashuhuri Tennyson. Aliyekaa miaka 24 kati ya kambi za Newbridge na Dundalk, Ayalandi, na Meerut, India, akiamka na brashi na kulala na brashi, hakuwamo humo. Yeye alipanga foleni ya pensheni yake kila robo mwaka pamoja na wazee wengine.